Kumsindikiza Anande

Ludovick aliizungusha skrubu ya geini, ile ya kuongeza nguvu ya sauti kwenye amplifaya, robo nzima kupita pale ilipopaswa kuishia, na alifanya hivyo makusudi. Miaka tisa ya kufunga muziki wa magari pale Levolosi, alikuwa hajawahi kumharibia mteja. Leo alikuwa anaanza, na alianza na pikapu ya Elinami, kaka yake Anande.

Mapenzi, jamani, yasikieni tu kwa jirani! Miaka miwili Anande alikuwa wake. Halafu miezi minne iliyopita akahamia Dar, kikazi alidai, na kutoka huko akatuma ujumbe mmoja: "Ludo, usinisubiri." Simu hakupokea tena. Ludovick hakuhitaji kuelezwa. Amempata mwenye nazo.

Asubuhi hiyo Elinami alikuwa amefika macho mekundu, sauti imemkauka.

"Shemeji, habari umezisikia?"

"Nimezisikia." Hakuwa amesikia chochote, lakini mwanamume aliyeachwa hukubali kila kitu asionekane mjinga.

"Basi Jumamosi tunamsindikiza Anande, kutoka hapa mpaka nyumbani Machame. Wageni wamejaa, wiki nzima hatujalala."

Anasindikizwa! Moyo ulimuuma mpaka mgongoni, lakini akakaza uso.

"Poleni na shughuli."

"Tumeshapoa." Elinami alimkabidhi flashi. "Humu mna wimbo mmoja tu, aliimba mwenyewe na kwaya. Alisema upigwe njia nzima. Na kazi hii aliagiza uifanye wewe, si fundi mwingine."

Loo! Yaani amwache, halafu amfanyishe na kazi ya muziki wa harusi yake! Ludovick hakuisikiliza flashi ile hata kidogo. Aliiweka kwenye dashibodi, akatumia mlio wake wa majaribio.

Sasa, redio ya pikapu ile, iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ilikuwa na tabia yake: gari likikaza mwendo, sauti inapanda yenyewe ili mngurumo wa barabara usiifunike. Fundi mwenye akili zake huizima kwanza tabia hiyo, ndipo aweke geini ya amplifaya. Ludovick aliiacha, na geini akaisukuma mpaka ukingoni. Gari likiwa limesimama, spika mbili za juu ya keria zilitoa sauti safi kabisa. Likifika mwendo wa themanini, sauti hiyohiyo ingepasuka na kukwaruza mpaka wageni wazibe masikio. Na msafara wa harusi, nani hajui unavyokimbia? Hasira hasara, lakini mwenye hasira haambiwi.

Elinami aliporudi kuchukua gari, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akubariki, shemeji. Angefurahi."

Ludovick aliangalia pembeni.

Jumamosi mchana alifunga duka, akaenda kusimama kwenye mataa ya Sanawari, njia yao ya kwenda Machame, aisikie aibu yao kwa masikio yake.

Wimbo ulitangulia kufika. Ilikuwa sauti ya Anande, nyororo, haina hata mkwaruzo mmoja, na machozi yakamtoka palepale mbele za watu. Bado alimpenda, angefanyaje? Alitamani arudi duniani aanze upya, asiwe fundi, asiwe Ludovick, awe huyo bwana harusi tu, basi.

Lakini mbona spika hazikwaruzi?

Akachungulia. Pikapu ya Elinami ilikuwa inatambaa, polepole kuliko waenda kwa miguu, taa zimewashwa mchana kweupe. Hakuna aliyepiga honi. Mama mmoja muuza ndizi kando yake alisimama, akavua kofia yake ya jua.

Nyuma ya pikapu likafuata gari refu jeupe lenye maua. Ludovick alijifuta macho, akajikaza amwone huyo mwanamume aliyemshinda. Kupitia kioo akaona msalaba wa mbao wenye jina la Anande na tarehe mbili, umelazwa juu ya jeneza.

Mataa yakawaka kijani. Mbele, barabara ya Moshi ilikuwa nyeupe, haina gari hata moja, na pikapu ikaanza kukaza mwendo.