Mtambo wa Pili

Harlan Stutzman aliinua mkono mara ya tisa. Dalali akashusha nyundo kidogo, akamwonea huruma.

"Bwana Stutzman, si unao mmoja tayari?"

"Ndiyo maana nautaka."

Miaka ishirini amewaringia wakusanyaji wote wa mitambo ya kale wa Ohio kwamba mtambo wake wa kurushia mipira ya kioo, iliyokuwa shabaha ya walenga bunduki zamani, kabla havijaja visahani vya udongo, ndio pekee uliobaki duniani. Sasa wa pili huu hapa mnadani, mchana kweupe. Akiuchukua mtu mwingine, atauficha wapi uso wake?

Alikuwa ameukagua asubuhi. Ulikuwa na kutu ileile tukufu, ambayo kwa wakusanyaji kuisugua ni dhambi kubwa kuliko kuuiba mtambo wenyewe. Hata mguu wa kushoto ulikuwa na alama ileile iliyo kwenye wake.

"Imemiminwa kalibu moja!" Harlan alimnong'oneza Dwight, mkusanyaji mwenzake. "Asiyejua angedhani ni mkwaruzo."

"Muuzaji nani?"

"Hataki kutajwa. Mjinga fulani asiyejua alichonacho."

Nyundo ikagonga. Harlan akalipa kwa akiba ambayo, kila mvua iliponyesha, alimwapia mkewe Lorene kwamba haipo.

Ghala la mitambo lilikuwa na paa jipya, na mtambo wake wa thamani ulifunikwa turubai humo, hufunuliwa mara moja tu kwa mwaka, Siku ya Uhuru, hewa isije ikaila ile kutu. Chumba cha kulala kilikuwa na ndoo sita.

"Uza mmoja tu, Harlan, tulale pakavu," Lorene alikuwa akimsihi.

"Nani anunue chuma chakavu, mke wangu?"

Wiki hii Lorene alikuwa ameacha kusihi, na ndoo ameziondoa. Hatimaye ameelewa, Harlan alijipongeza njia nzima akirudi.

Alipofika alikuta mafundi wawili juu ya nyumba, wanagongelea mabati. Lorene alikuwa chini, anawamiminia kahawa.

"Hawa nani anawalipa?"

"Kumbe wanunuzi wapo, Harlan!" Lorene alicheka kwa furaha, hajacheka hivyo kwa miaka mingi. "Dalali kanipigia simu sasa hivi. Kuna mwenda wazimu mmoja kanyoosha mkono mara tisa."

Harlan alikimbilia ghalani, akalivuta turubai.

Chini yake zilipangwa ndoo sita, kavu kabisa.