Choo Mbea

Siku hizo kila nyumba ya kando ya bwawa ilikuwa na choo kinachopima mkojo. Kikiukuta safi, kinaimba. Kikiona kichocho, kinakutaja kwa jina mtaa mzima usikie, na vidonge unavimeza mbele yake.

Asubuhi hiyo kiliimba, na Limi wa darasa la tatu akatoka akicheza. Mama yake, Nyanzobe, akaacha kukoroga uji ampigie vigelegele. Kumbe choo hakijamaliza.

"Hongera, Limi! Ila mkojo huu ni wa mtoto wa miezi minane."

Nyanzobe akageuka. Kabula, mtoto wake mchanga, alikuwa mkekani bila nepi, kikombe cha plastiki pembeni.

"We Limi! Umekinga mkojo wa mdogo wako?"

"Mama, vile vidonge vinanikaba! Na jana tuliogelea kidogo tu."

Nyanzobe alicheka mpaka mwiko ukamdondoka.

"Na wewe, Mama Limi," choo kikaendelea kwa sauti ileile tamu, "mwezi wa pili huu hujaingia humu, unakwenda vichakani. Damu kwenye mkojo ulianza kuiona lini?"

Kicheko kikamkauka. Hakuwa amemwambia mtu.

Limi akamtazama mama yake, kisha akamsogezea kikombe taratibu.

"Umebaki kidogo, mama."