Mkoba wa Mshonaji Asiyejulikana

Ambroise Larocque alikuwa na kazi moja tu siku hiyo: kupaliwa. Mkewe, Albertine, alimfundisha garini njia nzima kutoka mji wa Regina, na hakuridhika hata mara moja.

"Unakohoa kama padri anayetaka watu wanyamaze," alimwambia. "Mimi nataka ukohoe kama mtu anayekufa."

Sasa walikuwa wamesimama ndani ya ghala la zamani la ngozi, sasa makumbusho, la Fort Belhumeur, mji wa barabara moja chini ya bonde. Wote wawili walizaliwa hapo, na leo walikuwa wamekata tiketi kama watalii. Mwongozaji wao alikuwa Spencer, kijana aliyetoka Toronto mwanzoni mwa kiangazi na ambaye tayari alikuwa amelielewa bonde lote. Aliwaeleza jinsi ngozi za biva, yule mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, zilivyosafirishwa kwa mitumbwi ili mabwana wa London wapate kofia. Kisha akawaeleza habari za Wametisi, uzao wa wachuuzi wa Kifaransa na wanawake wenyeji wa kabila la Wakrii, na jinsi walivyokuwa wakiishi zamani hizo. Ambroise, Mmetisi aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani, alisikiliza kwa makini ili ajue alivyokuwa akiishi.

Watalii wengine walikuwa wawili tu, mtu na mkewe kutoka Ujerumani, na wao walikuwa wakitikisa vichwa kukubali kila kitu.

Spencer alivaa glavu nyeupe, akatoa mkoba mmoja kwenye kabati la kioo na kuulaza juu ya kitambaa mezani. Ulikuwa mweusi, wa mahameli, umejaa maua ya shanga. Pembeni palikuwa na kibandiko: *Mshonaji hajulikani.*

"Kesho unapelekwa Ottawa kwenye maonyesho makubwa," alisema Spencer. "Wataalamu wataukagua uzi kwa uzi."

"Mshonaji anajulikana vizuri tu," alisema Albertine. "Aliitwa Marie-Rose. Alikuwa bibi yangu."

Spencer aliinamisha kichwa kwa huruma aliyofundishwa chuoni. "Mama, tunapokea madai mengi ya namna hiyo. Yote tunayaheshimu."

"Asante, mwanangu. Na mimi nakuheshimu hivyo hivyo."

Ambroise alitazama pembeni. Tangu azaliwe hakuwahi kuiba hata kiazi. Lakini alikuwa amemwona mkewe akija hapa mwaka hadi mwaka kuomba jina la bibi yake liandikwe tu, na kila mara akirudi na jibu kwamba jambo hilo linafikiriwa. Kuna wakati Albertine alifanya kazi ya kupiga deki humu ndani majira mawili ya baridi, apate tu kuwa karibu na mkoba ule. Kwa hiyo alipomwambia juzi kwamba sasa basi, wanakwenda, Ambroise aliuliza tu avae koti gani.

"Sasa angalieni hapa," Spencer aliendelea. "Shanga moja ya bluu kati ya nyekundu. Si kosa hilo. Mshonaji aliiweka makusudi, kwa unyenyekevu, kukiri kwamba Mungu peke yake ndiye mkamilifu."

Wajerumani wakashusha pumzi kwa pamoja.

"Makusudi kabisa," alisema Albertine, huku akitazama sakafu.

Ndipo ikaletwa sahani ya pemikani, ile nyama kavu iliyotwangwa na mafuta, ili wageni waonje walichokula wapiga makasia. Ambroise alitia tonge mdomoni. Albertine akagusa skafu yake, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Kwa hofu, Ambroise alisahau mafunzo yote. Alivuta pumzi, na pemikani ikamkwama kooni kwelikweli.

Alisikia viti vikianguka. Yule mama wa Kijerumani alimkumbatia kwa nyuma na kumbana mbavu kwa nguvu za mtu anayefunga sanduku lililojaa. Spencer alikimbilia maji na glavu zake mikononi. Tonge lilipotoka na dunia kurudi mahali pake, mkoba ulikuwa umelala vilevile juu ya kitambaa, na Albertine alikuwa akimfuta mumewe machozi kwa skafu, begi lake limefungwa vizuri kwapani.

Spencer aliwarudishia pesa za kiingilio na kuwaomba radhi kwa niaba ya historia.

Gari lilimaliza kupanda, bonde likabaki nyuma yao.

"Leo umekohoa vizuri," alisema Albertine.

"Nilikuwa nakufa."

"Ndiyo maana."

Ambroise alicheka, mbavu zikamuuma, akacheka tena. Aliona wapi watautundika: jikoni, kwenye msumari wa ile nakala aliyojishonea mkewe wakati ule wa deki, ambamo yeye alikuwa akiweka kibali cha kuvulia samaki na koleo.

Albertine alifungua begi, akautoa mkoba, akautupa kiti cha nyuma juu ya maganda ya karanga.

Nusura Ambroise aingize gari mtaroni. "Taratibu, mke wangu. Hicho ni kitu cha bibi yako."

"Hicho nilikishona mimi, kwa uzi wako wa kuvulia samaki, na ile shanga ya bluu niliiweka nikitazama hoki. Wale wa Ottawa wangeona nailoni wangeanza kuulizana. Huo nilioacha leo nimeushona kwa pamba, na kosa lenyewe imenibidi nilirudie." Akashusha kioo kidogo, upepo uingie. "Na tukifika nyumbani, toa koleo lako kwenye mkoba wa bibi yangu."