Kidole cha Mwanamvua

Kila Mwanamvua akikaa kuandika, kompyuta inajizima. Fundi Shaibu akaifungua, akapuliza vumbi kwenye feni, akabadilisha waya. Fundi akiwa ndani inawaka vizuri. Akitoka uani tu, inazimika.

"Mashine ni nzima, mama. Ni sheria ya umeme hiyo, haiwaki nyumba ikiwa haina mtu."

"Na mimi niliyekaa hapa?"

Shaibu akakikodolea macho kioo cha kompyuta. "Ulipoandikisha kifo cha mumeo, kidole uliweka wapi?"

Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya alama ya kidole, cha mtoa taarifa na cha marehemu. Siku ile macho ya Mwanamvua yalikuwa yamejaa machozi, hakuona vizuri alibonyeza kipi.

"Kesho asubuhi nenda ofisi ya kuandikisha vifo," Shaibu akasema taratibu, akabeba mkoba wake.

Alipovuka kizingiti taa zilizimika, na nyuma yake mlango ukajifunga kwa kufuli, Mwanamvua akiwa ndani.