Kipande cha Kaki

Ambakisye hakutaka kukalia kitanda cha mama yao. Alisimama mlangoni, begi begani, akilitazama blanketi ambalo dada yake, Tusekile, alikuwa amelishona kwa vipande vya vitenge vya marehemu.

"Jana nimelimaliza," Tusekile alisema. "Huko kwako kuna baridi. Nimekushonea wewe."

"Dada, mchungaji wetu alishatufundisha. Nguo za marehemu zinachomwa. Zikibaki ndani zinaleta vifungo vya kiroho."

"Mimi nalala nazo tangu tulipomzika. Kinachonifunga humu ni ukimya tu."

Nje dereva wa bodaboda alipiga honi. Tusekile alianza kulikunja blanketi polepole, kona kwa kona, kama mama yao alivyokuwa akikunja kitambaa cha madhabahu baada ya ibada.

"Ngoja kwanza," Ambakisye alisema. "Hicho cha kaki, hapo katikati, ni cha nani?"

"Ni cha kaptura yako ya darasa la kwanza. Mama aliitunza pamoja na matundu yake yote."

"Nilidhani aliitupa."

"Hukuwahi kumuuliza. Na wewe u hai, mdogo wangu. Hicho hakimo kwenye vya kuchomwa."

Honi ililia tena, safari hii ndefu zaidi. Ambakisye alishusha begi, akainama, akaweka kiganja juu ya kile kipande cha kaki. Kiganja kilikuwa kikubwa kuliko kipande chenyewe, na vidole vyote vikaangukia kwenye vitenge vya mama yake.