Anayeulizwa Kila Asubuhi

Kitendawili, mjukuu wangu! Wawili wamesimama: aliyelowa mvua anacheka, aliye mkavu anatetemeka. Usinipe mji bado. Kaa hapo unisikilize.

Fundi cherehani alikuwa akifumua mshono wa gauni la harusi kwa mara ya tatu. Gauni la mchumba wa seremala. Seremala huyo huyo alimposa fundi mara mbili, naye akamkataa mara mbili, huku anampenda.

"Sizai mtoto wa kuja kulia," alimwambia. "Mama alishikwa na huzuni isiyo na sababu, akageukia ukuta nikiwa na miaka tisa, hakugeuka tena mpaka tukamzika. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Alijichunguza kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Akichelewa kuamka, "Imeanza." Akidondosha sindano, "Imeanza."

"Na juzi ulipounguza maharage, dada?" alimtania mdogo wake, mpishi wa shule, mwenye kicheko cha kutikisa mabati. "Mama hakuunguza chungu hata siku moja! Hiyo ni yako mwenyewe."

Baba yao naye alikuwa na ada yake. Kila asubuhi humshika mdogo mkono: "Umelala, mwanangu? Umekula? Na moyo je?" Mkubwa hupita na ndoo yake ya maji, asiulizwe neno. Mwaka mmoja alijikaza akasema, "Baba, mbona mimi huniulizi?" Mzee akakohoa, akatoka uani. Basi mwana akaelewa: mimi keshanikatia tamaa.

Jioni ile bi harusi alikuja, akajipima, akamkumbatia fundi kwa furaha, akaondoka na gauni lake.

Fundi alibaki na vipande vya kitambaa mapajani. Hata kulia hakulia. Alimgeukia baba yake kwenye kiti.

"Ninavyozama unaniona, baba. Leo utanijibu. Mbona unamuuliza yeye, mimi huniulizi?"

Mzee alitazama mlango wa jikoni. Mdogo alikuwa akiosha vyombo na kuimba.

"Mama yenu aliniapisha nisiseme," alijibu taratibu. "Wewe tulikuchukua hospitali ukiwa na siku mbili, mwanangu. Aliyetoka tumboni mwake ni huyo anayeimba."