Mwisho wa Kamba

Enzi za Zaire, mwamba uliporomoka katika mgodi mmoja wa Kolwezi, ukaziba njia ya kupandia. Palibaki shimo la kushukia kwa kamba tu. Sakafuni mwake palikuwa na njia nyingine ya kutokea, lakini Nkulu, mchimbaji kijana aliyenaswa humo, alijua kwamba akishashuka, hatakuwa na nguvu za kupanda tena.

Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa amevunjika mguu. Alivua taa yake, akamvika Nkulu kichwani.

"Tata, mi siwezi kukuacha."

"Tukibakia bote babili, tutakufa bote. Shuka, ulete bantu."

Nkulu akashuka. Kamba ilipokwisha, mguu wake uliitafuta sakafu. Ukazama katika maji baridi, usipate chini.

"Ulishafika, mwana?" mzee akaita kutoka gizani.

"Nilishafika, tata," Nkulu akajibu, akaiachia kamba.